Asili Ibaki, Nakala Isafiri

Mhadhara juu ya vitabu, karatasi na picha za nyumbani katika Uvira na mwambao wa kaskazini wa Tanganyika

Mwezi wa Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walikuwa na swali moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Wana wa mtawala wa hapa, ambaye Burton alimwandika kwa jina la Maruta, walimjibu kuwa unaingia. Jibu lilikuwa sahihi. Burton akalitia katika kitabu chake kilichotoka London 1860, lakini mabwana wa jiografia wa Ulaya waliendelea kubishana mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika wenyewe mlangoni mwa mto wakaona maji yakiingia. Leo mtu wa Kavimvira anayetaka kujua wazee wake walisema nini kuhusu mto ulio jirani yake hana budi kumfungua Burton. Ujuzi ulikuwa wa hapa, karatasi ikawa ya kwao, na pamoja na karatasi ikaenda haki ya kuamua lipi liandikwe na lipi liachwe.

Mwenendo huo haukuishia kwa Burton. Mapadre Weupe walifungua misheni Rumonge 1879, Mulweba 1880 na Kibanga 1883. Kila kituo kiliagizwa kuandika daftari la kila siku, na anayetaka kuyasoma madaftari ya shirika hilo huelekezwa Roma. Barua za Kiarabu, na za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zilizoandikwa na wafanyabiashara na viongozi wa Kongo ya mashariki katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ziko Ubelgiji. Profesa Xavier Luffin wa Brussels amezikusanya na kuzichapisha, zile za 1880 hadi 1899. Uasi wa 1964 ulipoitikisa Uvira na Fizi, hati zake zilikusanywa na Benoît Verhaegen, ambaye 1966 alitoa juzuu ya kwanza ya Rébellions au Congo, nayo ilichapwa Brussels. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka upande wa Kigoma hadi Kibamba kuwasaidia waasi, akaitwa Tatu, akakaa miezi saba katika milima ya Fizi; masimulizi aliyoyaandika Dar es Salaam baada ya kushindwa yalihifadhiwa Kuba, na wasomaji wa kawaida hawakuyapata hadi miaka ya 1990. Sisemi kwamba yote haya yaliibwa. Daftari la padre ni la padre, na Che hakuwa na wajibu wa kuiachia Fizi muswada wake. Ninachosema ni kwamba rafu ya historia ya mwambao huu imetawanyika Roma, Brussels, London na Havana, na kila kilichomo ama kiliandikwa na mgeni, ama kilichaguliwa na mgeni.

Sasa, wenyeji waliandika nini? Waliandika mengi, na wala hayajapotea yote. Kuna Biblia ambazo kurasa zake za mwanzo zina tarehe za kuzaliwa kwa watoto wa vizazi vitatu, pamoja na misahafu ya kurithi. Vyama vya wavuvi vimeacha madaftari yenye majina ya wanachama na bei ya ndagala. Majumbani kuna hati za parsele, risiti za kodi, hukumu za mabaraza ya machifu, barua za ndugu waliohamia Bujumbura, Kigoma au Lubumbashi, shahada za shule zisizokuwapo tena, hotuba za mazishi, na picha za studio zenye mhuri wa mpiga picha mgongoni. Katika makanisa kuna vitabu vya ubatizo na vya ndoa, ambavyo kwa familia nyingi ndivyo uthibitisho pekee wa tarehe ya kuzaliwa ya babu. Haya yote yamo vyumbani, ndani ya masanduku ya bati chini ya vitanda, juu ya makabati, katika mifuko ya plastiki iliyotundikwa misumarini. Hoja yangu ni kwamba nyumba hizo ndizo maktaba kuu ya Uvira, kwamba utunzaji wake uanze humo humo bila kungoja jengo wala mfadhili, na kwamba kanuni iwe moja: asili ibaki mikononi mwa wenyewe, nakala ndiyo isafiri.

Nianze na ziwa, maana kwa watu wa mwambao huu ziwa ni shahidi na ni mshitakiwa. Maji hayakuanza kupanda 2020. Katika miaka ya 1870 Tanganyika ilijaa hadi ikasukuma kizuizi cha tope na magugu kwenye mlango wa Lukuga, huko iliko Kalemie ya leo. Kilele chake kinawekwa kwenye mwaka 1878, kisha maji yakashuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Tunayajua hayo kwa sababu Verney Lovett Cameron aliiona Lukuga 1874 na kuiandika, na kwa sababu Edward Hore, baharia wa misheni ya London aliyekaa Ujiji, alijishughulisha na kupima maji yalivyokuwa yakirudi nyuma. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha ziwa tena, na kilele kikawa 1964. Halafu likashuka, watu wakasahau, ufuko ukagawanywa parsele. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe ya mlimani ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baada ya hapo ziwa nalo likapanda, likaingia Gatumba ng'ambo ya mpaka na katika mitaa ya chini ya Uvira, na kufikia 2024 lilikuwa limekaribia kimo cha 1964.

Fikirini basi thamani ya picha ya harusi iliyopigwa ufukweni 1964, yenye maji yanayogusa shina la mwembe ambao bado umesimama. Fikirini risiti ya parsele inayotaja mpaka wake kuwa ni ziwa, na kutoa umbali wake kwa hatua. Karatasi kama hizo ni vipimo. Mhandisi anayetaka kujua nyumba zijengwe wapi atapata namba za setilaiti za miaka ya karibuni, lakini setilaiti za kupima ziwa hazikuwapo 1964, sembuse 1878. Hapa karatasi na maji vimefungamana kwa namna ya kikatili kidogo: ushahidi bora kuhusu mafuriko yajayo umewekwa katika nyumba zile zile ambazo mafuriko hayo yatazifikia kwanza.

Huenda msomi akauliza: je, tunazungumzia vitabu adimu kweli, au takataka za makabatini? Swali hili linastahili jibu kamili. Uadimu hauletwi na jalada la ngozi wala na umri peke yake. Kitu ni adimu kikiwa hakina mwenzake. Biblia ya Kiswahili iliyochapwa kwa maelfu si adimu, bali ile yenye orodha ya watoto ndani yake haina ya pili duniani. Mfano bora ninaoujua umetoka Kongo yetu hii. Mwaka 1965, Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, André Yav aliandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani kijitabu kilichopigwa taipu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili cha mjini humo. Kilisimulia historia ya mji kama walivyoiona maboi na wapishi. Hakikuwa na mchapishaji wala sura ya kitabu cha kisomi. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa Amsterdam kikiwa na tafsiri na maelezo, na tangu hapo hakuna anayeandika kwa uzito juu ya kumbukumbu za ukoloni Katanga akakipita. Fabian aliweza kufanya hivyo kwa kuwa kuna mtu hakuitupa karatasi ile. Ni vijitabu vingapi vya namna hiyo viliwasha jiko katika mwambao huu, hakuna wa kuhesabu. Kwa hiyo ninaposema kitabu adimu, nawaomba msifikirie kabati la vioo la Ulaya. Fikirini daftari la mkutano wa kwanza wa chama cha wavuvi, lililoandikwa kwa kalamu ya bluu na katibu aliyesoma hadi darasa la nne.

Maadui wa karatasi hizi wanajulikana, na kila mmoja ana tabia yake. Karatasi nyingi za tangu katikati ya karne ya 19 zimetengenezwa kwa massa ya mbao na kukazwa kwa alumu, na zinabeba tindikali ndani yake. Ndiyo maana gazeti huwa la manjano na kuvunjika kona, hali karatasi ya zamani zaidi ya nyuzi za pamba huweza kubaki laini kwa karne kadhaa. Dawa ya tindikali iko katika maabara, nasi hatuna. Tunachoweza ni kuipunguzia mwendo kwa kuiepusha karatasi na joto, jua na unyevu. Unyevu ndio mkubwa wao. Hewa ikishazidi asilimia 65 ya unyevu kwa muda mrefu, ukungu huota, na masika ya hapa huvuka kiwango hicho bila taabu. Mchwa hupanda kutoka ardhini kupitia ukutani, kwa hiyo sanduku lisigusane na ukuta wala sakafu. Panya hutaka makazi kuliko chakula. Sanduku la bati, ambalo wengine hulidharau kwa kuwa ni la kizamani, huwashinda mchwa na panya wote wawili. Udhaifu wake ni jasho: bati likipoa usiku, matone hujikusanya ndani ya kifuniko. Basi karatasi zifungwe kwanza kwa kitambaa safi cha pamba au ziwekwe katika boksi la kartoni ndani ya sanduku, na sanduku lifunguliwe lipate hewa siku kavu za kiangazi. Liwekwe juu, kwenye ubao ulioegemea matofali, palipozidi alama ambayo maji ya 2020 yaliacha ukutani. Wenye nyumba wanaijua alama hiyo bila kuambiwa.

Yuko adui mwingine ambaye huja na nia njema, naye nadhani ndiye anayeharibu zaidi katika mji wetu kwa sasa. Kila duka la fotokopi lina mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki ya moto, na watu hupeleka huko shahada, hati za parsele na vyeti vya ubatizo wakiamini wanavilinda. Plastiki ile huyeyuka ikashikamana na nyuzi za karatasi, haitoki tena bila kuing'oa na maandishi, na tindikali ya karatasi hubaki imefungiwa ndani ikiendelea na kazi yake. Maji yakipenya pembeni, hayatoki. Sawa na hilo ni utepe wa gundi unaobandikwa juu ya mpasuko: baada ya miaka michache gundi huwa kahawia, hupenya hadi upande wa pili na kufuta wino. Kanuni ya mafundi wa uhifadhi duniani kote ni kwamba lolote linalofanywa kwa karatasi liweze kutenguliwa. Karatasi iliyochanika iachwe imechanika ndani ya bahasha safi, kuliko kutibiwa kwa dawa isiyorudi nyuma.

Na maji yakishaingia? Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Firenze, Italia, ukazamisha mamia ya maelfu ya vitabu vya maktaba ya taifa. Mafundi na vijana waliokwenda kuviokoa ndio waliojifunza kwa makosa na majaribio mengi yanayofundishwa leo katika kazi hii. Somo la kwanza ni saa: ukungu huanza ndani ya siku mbili hadi tatu, hivyo kazi ya kuokoa karatasi haiwezi kungoja nyumba yote isafishwe. Somo la pili ni mikono mipole. Tope lisisuguliwe likiwa bichi kwa sababu chembe zake husukumwa ndani ya nyuzi. Liachwe likauke, kisha lipanguswe kwa brashi laini. Kitabu kilicholowa kisifunguliwe kwa nguvu, ila kisimamishwe kifunguke chenyewe kidogo kidogo kivulini penye upepo, na kati ya kurasa kutiwe karatasi nyeupe za kufyonza maji, zikibadilishwa mara kwa mara. Jua kali, ambalo ndilo sisi sote hulikimbilia, hukausha haraka lakini hukunja karatasi na kufifisha wino. Picha ni kinyume cha mambo yote. Zikikauka zikiwa zimegandana hazitaachana tena, kwa hiyo zitiwe katika beseni la maji safi ya baridi, ziachanishwe humo polepole, kisha zilazwe moja moja uso juu; nazo zisikae majini zaidi ya siku mbili. Haya yote hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu mmoja katika familia aliyeyasikia kabla ya usiku wa mafuriko.

Nafika kwenye pingamizi. La kwanza husemwa na watu wenye busara, na nisingependa kulipuuza: karatasi zilizokwenda Ulaya ndizo zilizosalimika. Barua alizozichapisha Luffin zingebaki katika miji ya biashara ya Nyangwe au Kasongo, nani angezisoma leo? Ni kweli, na anayekataa hajipi nafasi ya kufikiri. Lakini tutazame kilichosalimika ni nini. Afisa wa kijeshi aliyezichukua alichukua zilizomhusu: mapatano, vitisho, habari za pembe na bunduki. Barua ya mke kwa mume aliyeko safarini haikuwa na faida kwa afisa huyo, na haikuingia sandukuni. Usalama wa Ulaya ulikuwa na mchujo wake, na mchujo ule sasa umekuwa historia yetu. Tena mlinzi huyo ana mlango wenye viza. Kinshasa nayo inayo taasisi ya taifa ya nyaraka, na nchi ina sheria ya nyaraka, nambari 78-013 ya tarehe 11 Julai 1978. Sina ugomvi nazo, lakini atakayeshauri babu wa Kalundu apakie Biblia yake kwenye ndege ya Kinshasa angemwonyesha kwanza rafu itakayoipokea. Kuna njia nyingine, nayo si ndoto. Msikiti wa Riyadha wa Lamu ulipiga picha miswada yake katika mradi wa mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa British Library, mpango ulioanza 2004, ambao masharti yake ni kwamba asili hazitoki katika nchi zilimo. Miswada iko Lamu. Picha zake zinasomwa popote.

Hapo vijana hudakia: kama ni hivyo, simu inatosha, tupige picha tumalize. Simu ni chombo kizuri na natamani kila familia ianze nayo kesho asubuhi. Ila picha iliyotumwa kwa WhatsApp hubanwa hadi maandishi madogo yanakufa, simu huibiwa au huzama, na picha elfu mbili zisizo na majina ni rundo jingine tu, lililohamia mahali pengine. Kila picha itajwe: nani, wapi, mwaka gani, karatasi ya nani. Hata hivyo, sababu yangu kubwa ya kukataa kwamba nakala inaweza kushika nafasi ya asili inatoka kwa Livingstone yule yule. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya gazeti la The Standard la 1869, akikatiza mistari iliyokwisha chapwa, kwa wino wa mbegu za mmea aliouita zingifure. Humo mliandikwa mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Baadaye alinakili mambo hayo katika shajara yake kubwa, na nakala hiyo iliyosafishwa ndiyo iliyochapwa 1874, baada ya kufa kwake. Maandishi yake juu ya gazeti yakafifia hata jicho lisiyaone vizuri. Mwaka 2011 kikundi kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilitoa usomaji wake kwa kulipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, herufi zikatokea, na wasomi wakaona mahali ambapo nakala haikufuatana na ya kwanza. Kama mtu angesema 1874 kwamba maneno yamekwisha nakiliwa na gazeti litupwe, leo tusingekuwa na la kulinganisha. Kamera ya simu huona kile inachokiona leo, na hatujui kesho watakuja na mwanga gani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la hofu, na halisemwi kwa sauti. Katika nchi hii karatasi imeua. Orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya huwa orodha ya kutafutwa. Hati ya usultani au ya mpaka wa ardhi, katika uwanda wa Ruzizi au juu milimani, huweza kufufua ugomvi uliolala. Familia zilizochoma barua zao 1964, au 1996 vita vilipoingia Uvira mwezi wa Oktoba, hazikuwa za kijinga, zilichagua uhai. Sina ruhusa, na hakuna mwenye ruhusa, ya kumwambia mtu aweke karatasi inayohatarisha watoto wake. Hata hivyo natazama upande wa pili. Ugomvi wa ardhi hauzimwi na kukosekana kwa hati. Kinachofuata kukosekana kwake ni kwamba mwenye nakala pekee, ya kweli au ya kughushi, huwa bwana wa kesi. Barua iliyopo mahali pamoja ni silaha ya aliyeishika. Iliyopo mahali panne haimpi mtu yeyote nguvu ya peke yake. Na kuna desturi ya kufunga: familia inaweza kutoa nakala katika bahasha yenye lakiri, ikaandika isifunguliwe kabla ya miaka 30 au 50. Taasisi za nyaraka duniani kote zinaheshimu masharti hayo kila siku.

Wanaodhani jengo la serikali lingekuwa salama zaidi kuliko nyumba wakumbuke Timbuktu. Mwaka 2012 wapiganaji walipoushika mji, familia zenye miswada pamoja na mkutubi Abdel Kader Haidara ziliisafirisha kimyakimya hadi Bamako, ndani ya masanduku ya bati, kwa magari na kwa mashua za mto Niger. Januari 2013 wapiganaji walipokuwa wakikimbia, moto waliutia katika Taasisi ya Ahmed Baba, jengo jipya la serikali, na maelfu ya miswada yakapotea. Nakiri kwamba mfano huu hauniungi mkono moja kwa moja, kwa kuwa miswada iliyohamia Bamako ilikutana na unyevu ambao jangwa halikuizoesha, na kuihifadhi huko kumekuwa kazi ya pili. Unachothibitisha ni kidogo zaidi, lakini kinanitosha: wenye mali ndio waliojua kilipo kila kitu, nao ndio walioweza kuhama usiku.

La masimulizi nitalipita kwa haraka. Husemwa kwamba historia yetu ni ya mdomo, na karatasi ni tabia ya kuazima. Watu wa mwambao huu wameandikiana barua tangu enzi za misafara, kwa herufi za Kiarabu kwanza, kisha za Kilatini. Karne nzima na zaidi ya kuandika haiitwi tena kuazima. Tena simulizi na karatasi hutegemeana: picha bila bibi wa kutaja waliomo ni sura tupu, na bibi akitazama picha hukumbuka alichokuwa amekisahau. Kwa hiyo kazi ya kupanga sanduku la familia ifanyike wazee wakiwa hai na wamekaa hapo hapo, majina yaandikwe kwa penseli nyuma ya picha, pembeni, kwa mkono mwepesi, maana kalamu ya wino huchora hadi upande wa mbele.

Limebaki la gharama na la nani afanye. Mwenye njaa hatanunua maboksi ya uhifadhi, na hana sababu ya kuyanunua. Kwa tathmini yangu, kinachohitajika kwa familia moja ni sanduku walilo nalo tayari, ubao na matofali, kitambaa cha pamba, penseli, na daftari moja la orodha: kuna nini, kilitoka kwa nani, nakala iko wapi. Orodha ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali usiku wa maji ndiyo inayomwambia kijana abebe bahasha ipi kwanza. Nakala ziwe tatu. Moja ikae kwa ndugu anayeishi mahali pa juu au mji mwingine, Bukavu, Kigoma au popote ukoo ulipo. Ya pili iwekwe katika taasisi ya hapa hapa: parokia au ofisi ya dayosisi, msikiti, jumuiya ya Kipentekoste ambayo misheni yake imekuwapo Uvira tangu miaka ya 1920, au kwa karatasi zinazogusa ziwa na uvuvi, Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia kilichorithi kazi ya IRSAC, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji. Ya tatu ndiyo isafiri mbali, nje ya nchi ikibidi, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kutiwa saini na mwenye asili, yenye jina la familia na haki yake ya kusema hapana. Taasisi za hapa hazihitaji kuanza na jumba. Zianze na kabati moja linalofungwa kwa ufunguo, kitabu cha kupokelea, na watu wawili waliofundishwa kukausha karatasi, kabla ya mvua za mwezi wa nne ujao.